Siri Yako na Mshauri Wako

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka taratibu.)

Sogea karibu na redio, na kama kuna mtu amelala, punguza sauti kidogo, kwa sababu leo tunazungumza juu ya siri.

Kuna swali ambalo watu wengi wanaliuliza kimoyomoyo wanapoambiwa waende kwa mshauri nasaha: nikimweleza huyu mtu yaliyonipata, nani mwingine atayajua? Ni swali la mtu mwenye akili. Kambini nyumba na nyumba zinatenganishwa na turubai au ukuta wa tope. Ukikohoa usiku, asubuhi jirani anakupa pole. Na huyo mshauri mwenyewe mara nyingi ni mkimbizi kama wewe: anachota maji kwenye bomba lile lile, anapanga mstari wa mgao siku ile ile, na mke wake anasali na mke wako. Leo tutaeleza mshauri anaruhusiwa kufanya nini na neno lako, wapi anakatazwa, na wapi yeye mwenyewe anabanwa na uamuzi mgumu.

Kwanza, usimdharau mshauri kwa sababu ni jirani. Pale Nakivale, Uganda, watafiti waliwafundisha wakimbizi wenyewe kazi ya ushauri, kisha wakapima matokeo kwa wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia. Utafiti huo ulitolewa mwaka 2008. Ulionyesha kwamba watu waliohudumiwa na washauri hao, ambao hawakuwa madaktari, walipata nafuu ya ndoto mbaya na hofu ya vita kuliko wale ambao hali yao ilifuatiliwa tu bila ushauri. Kwa hiyo jirani aliyefundishwa vizuri anaweza kukusaidia. Lakini akiwa jirani, maadili ya kazi yake yanakuwa mazito zaidi, maana ana nafasi nyingi za kuteleza.

Tuanze na siri yenyewe. Mshauri akisema "mazungumzo yetu ni siri," ana maana gani?

Ana maana kwamba yaliyosemwa ndani ya chumba hayatoki kwenda kwa mume wako, mama mkwe, kiongozi wa kijiji, mchungaji, imamu wala mwajiri. Maandishi yake yanafungiwa kwenye kabati lenye kufuli, na mahali pengi juu ya faili panaandikwa namba badala ya jina lako. Mkikutana sokoni, hatakuuliza "ile habari ya juzi iliishaje?" mbele za watu. Baadhi ya washauri hungoja wewe uwasalimie kwanza. Akikupita kimya, usidhani amekudharau. Anakuachia wewe uamue kama watu wajue kwamba mnafahamiana.

Lakini kuna jambo ambalo washauri wengine wanasahau kulieleza. Mshauri ana msimamizi wake. Anakutana naye kila baada ya muda na kumweleza kazi ngumu anazokutana nazo, ili asipotee njia na asibebe mzigo peke yake. Huko anaweza kueleza habari yako bila jina. Hilo linaruhusiwa, na ni kwa faida yako, lakini una haki ya kuambiwa mapema. Ukisikia baadaye kwa mtu mwingine, utahisi umesalitiwa.

Vikao vya kikundi navyo ni tofauti. Mshauri anaweza kuahidi kufunga mdomo wake. Hawezi kuahidi midomo ya watu kumi waliokaa naye kwenye mkeka. Hata kama kila mmoja ameapa, wewe toa kwenye kikundi kile tu ambacho hutaumia kikisikika nje. Na kuna msaada usiokudai useme lolote. Katika makazi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini walishiriki mafunzo ya Shirika la Afya Duniani ya kupunguza msongo wa mawazo. Utafiti uliohusisha wanawake 694 ulichapishwa mwaka 2020. Walikaa kikundi, wakasikiliza sauti iliyorekodiwa kwa lugha yao, wakafanya mazoezi, vikao vitano. Hakuna aliyelazimishwa kusimulia aliyoyapitia, na kwa wengi dhiki ilipungua.

(Muziki mfupi.)

Je, siri ina mwisho? Ndiyo, ina mwisho, na ni vizuri ujue unaishia wapi kabla hujafungua kinywa.

Washauri duniani kote wanafundishwa kisa kimoja kilichotokea Marekani. Mwaka 1969, katika chuo kikuu cha Berkeley, California, kijana mmoja mwanafunzi alimwambia mwanasaikolojia wake kwamba alikuwa na nia ya kumuua msichana aliyemkataa. Hakumtaja jina, lakini kumtambua hakukuwa kugumu. Msichana huyo, Tatiana Tarasoff, alikuwa safarini Brazil. Mwanasaikolojia hakunyamaza: aliwaambia polisi wa chuo na kuwaandikia barua. Polisi walimshika kijana, wakamwona anaongea vizuri, akaahidi kukaa mbali na msichana, wakamwachia. Mkuu wa idara akaagiza barua na maandishi yale yaharibiwe. Hakuna aliyemwambia Tatiana. Hakuna aliyewaambia wazazi wake. Aliporudi, mwezi wa Oktoba, yule kijana akamuua.

Wazazi walikwenda mahakamani. Kesi ilichukua miaka, na mwaka 1976 Mahakama Kuu ya Juu ya California iliamua kwamba mtaalamu anayejua, au anayepaswa kujua, kwamba mtu anayemhudumia ni hatari kwa mtu fulani, ana wajibu wa kuchukua hatua zinazofaa kumlinda huyo anayetishiwa. Hukumu ile ni ya jimbo moja la Marekani na si sheria ya kambi yako. Hata hivyo fikra yake imeenea: siri inamlinda anayesema, lakini haiwezi kutumika kumzika mtu mwingine.

Sasa ilete habari hii kambini, uone inavyokuwa ngumu. Tuseme mwanamume mmoja anamwambia mshauri wake: "Nimemwona mtu aliyemuua kaka yangu. Anakaa kambi hii hii, kanda ya pili. Siku yake inakuja." Anasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya unga.

Wewe ungekuwa mshauri, ungefanya nini? Wengi watajibu haraka: apelekwe polisi. Subiri kwanza. Huenda yule aliyeonekana siye. Miaka kumi na tano imepita, nyuso zimebadilika, na mwenye majeraha moyoni huona adui yake kila mahali. Ukipeleka jina la mtu kwa walinzi au kwa viongozi wa kambi, kufika jioni kanda nzima itakuwa inasema kwamba fulani ni muuaji, na watu wengine, mbali na yule mteja wako, wanaweza kumvamia. Umetaka kuokoa roho moja, umeiweka hatarini wewe mwenyewe. Upande mwingine, ukinyamaza na panga likatumika, utamwambia nini mjane?

Mshauri mwenye maadili anaanza kwa kuuliza, bila kukurupuka. "Ukisema siku yake inakuja, una maana gani? Umefikiria namna? Una silaha? Umewahi kumfuata hadi nyumbani kwake? Nini kimekuzuia hadi leo?" Maneno ya hasira na mpango si kitu kimoja. Watu waliofiwa kwa ukatili husema maneno makali, na mara nyingi kuyasema mbele ya mtu anayesikiliza ndiko kunakoshusha moto. Kama hakuna mpango, hakuna silaha, na mtu anasema "nikimwona natetemeka tu," hiyo ni kazi ya ushauri na siri inabaki mahali pake. Kama mpango upo, mshauri hamwachi aondoke kama alivyokuja. Anamwita msimamizi wake siku hiyo hiyo. Na kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, anamwambia mteja mwenyewe: "Hili siwezi kulinyamazia. Nitazungumza na fulani, nitamwambia hiki, na sababu ni hii." Kisha anatoa maneno machache kadiri inavyowezekana, kwa mtu mmoja au wawili wenye uwezo wa kuzuia madhara. Habari za kaka aliyeuawa, kijiji alichotoka, ndoto zake za usiku, hizo hazina sababu ya kutoka.

Hata hapo mshauri anaweza kukosea. Ndiyo maana haamui peke yake, na ndiyo maana anaandika alichosikia, alichoamua, na kwa nini. Kule Berkeley maandishi yaliharibiwa.

Mipaka mingine nitaipitia haraka. Kama unataka kujiua na hatari iko karibu, mshauri atatafuta msaada hata ukimkataza. Kama mtoto anapigwa vibaya, ananajisiwa au anataka kuozwa, mshauri ana wajibu wa kuwaeleza wanaoshughulikia ulinzi wa watoto. Kijana akikutana na mshauri aambiwe hili kabla hajaanza kusimulia, kwa lugha ya kijana.

Lakini mtu mzima aliyebakwa au anayepigwa na mume ana nafasi tofauti. Kwa kawaida yeye ndiye anayeamua kama jambo liende polisi, liende kwa wazee, au lisiende popote. Mshauri anayekimbilia kumwita mume "ili tuwasuluhishe" anaweza kumrudisha mama kwenye kipigo cha usiku ule. Sheria za nchi zinatofautiana, kwa hiyo uliza mwanzoni: "Hapa mnalazimika kuripoti nini?" Ila kumbuka saa. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Dawa za kuzuia mimba zinaweza kutolewa ndani ya saa 120. Unaweza kwenda kutibiwa kwanza, na mambo ya kushtaki ukayafikiria baadaye.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuzungumze kuhusu ridhaa. Umeshawahi kupewa karatasi, ukaambiwa "weka dole gumba hapa," ukaweka? Wengi wetu tumeweka madole kwenye karatasi nyingi tangu siku ya usajili, hadi wino umekuwa kama wa kudumu. Lakini dole gumba peke yake halijawa ridhaa. Ridhaa ni kuelewa unachokubali, kuweza kukataa, na kuweza kubadili nia katikati. Ukimkatalia mshauri, kadi yako ya mgao haiguswi. Ukikubali leo na kesho ukachoka, unaacha. Na mtu akikuambia usipohudhuria vikao utafutwa mahali fulani, anakutisha kwa kitu kisicho chake.

Wala usilazimishwe kusimulia yote mara moja. Zamani kulikuwa na desturi ya kuwakusanya watu mara tu baada ya janga na kuwataka waeleze kila kitu kwa mkao mmoja, ati wakitoa yote watapona. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2007 kuhusu afya ya akili wakati wa dharura, iliyokubaliwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa na mashirika mengine ya misaada, inaonya dhidi ya jambo hilo. Mshauri mzuri anakwenda kwa mwendo wako. Wapo wanaotumia njia ya kuandika historia ya maisha yako hatua kwa hatua, wakikusomea na kusahihisha pamoja nawe. Ni njia nzuri, ndiyo ile iliyotumika Nakivale. Lakini mwishoni utapewa nakala. Fikiria utaiweka wapi. Kama nyumbani kuna mtu ambaye hatakiwi kuisoma, sema, nakala ibaki ofisini chini ya kufuli.

Mkalimani naye anabanwa na siri ile ile. Unaruhusiwa kumkataa. Kama ni mtu wa upande uliokukimbiza, kama ni shemeji, kama wewe ni mwanamke na yeye ni mwanamume na habari yenyewe ni ya mwilini, sema: "Naomba mwingine." Huna haja ya kueleza sababu mbele yake. Na tafadhali, mtoto wako asikutafsirie. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayejua Kiswahili kizuri cha shuleni hapaswi kupitisha mdomoni mwake jinsi mama yake alivyoumizwa.

Hapo hapo kuna jambo la barua, na hapa nitasema wazi. Watu wengine wanakwenda kwa mshauri wakitafuta barua ya kuwasaidia kuhamishiwa nchi ya tatu. Simlaumu mtu. Ukikaa kambini miaka ishirini, utashika kila kamba. Lakini mshauri hachagui nani asafiri. Anaweza, kwa ridhaa yako, kuandika ukweli kuhusu hali yako ukipewa rufaa kwa afisa wa ulinzi. Hawezi kuongeza ugonjwa usiokuwepo, na akikuahidi ndege, mtilie shaka. Akikuomba hela kwa ajili ya barua, huo ni wizi, kwa sababu huduma za wakimbizi, pamoja na hiyo ya kuhamishwa, hazilipiwi. Kuna hasara nyingine isiyosemwa sana: ukitengeneza hadithi kwa ajili ya barua, yale yanayokuumiza kweli hayapati mahali pa kutibiwa.

Na zawadi je? Umepona usingizi, unataka kumpelekea mshauri kuku. Kwetu kumkatalia mtu kuku ni kama kumtukana. Washauri wengine wanafundishwa kukataa kila kitu, na mimi naona hapo wakati mwingine adabu inaumizwa bure. Ndizi mbili za shukrani mwishoni si rushwa. Kuku kabla ya kikao cha pili, kutoka kwa mtu asiye na mafuta ya kupikia, ni jambo jingine, maana mwingine asiye na kuku ataanza kuogopa kuja. Mshauri akikataa kwa upole, elewa. Akidai, toa taarifa. Mkopo, kazi ya shambani, kununuliwa simu: hayo yote yanageuza chumba cha ushauri kuwa duka. Na kama mshauri ni ndugu yako au mna ugomvi wa kiwanja, aseme mapema na akupeleke kwa mwenzake.

Mapenzi hayana mjadala. Mwaka 2002, baada ya habari za wasichana wakimbizi Afrika Magharibi kudaiwa miili yao ili wapate msaada, mashirika yalikubaliana juu ya kanuni za maadili, na mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa agizo lake. Ni marufuku kwa mfanyakazi wa misaada kutoa hela, kazi, chakula au huduma kwa kubadilishana na ngono. Ni marufuku kabisa kwa mtu aliye chini ya miaka 18, hata kama mila au sheria ya nchi ina umri mwingine, na kusema "sikujua umri wake" si utetezi. Kwa mshauri na mteja, kosa ni kubwa zaidi, maana mmoja amefunua moyo na mwingine ameshika ufunguo. Mwenye kosa ni mshauri, hata mteja akiwa ndiye aliyeanza. Akikwambia "hii ni sehemu ya matibabu," toka nje.

Kama mambo haya yamekupata, unaweza kwenda kwenye dawati la malalamiko, kutumia sanduku la maoni, au kumwendea afisa wa ulinzi katika shirika lolote. Si lazima liwe shirika lile lile la mshauri huyo. Unaweza kutoa taarifa bila jina, ingawa bila jina ni vigumu kukurudishia majibu. Kama huwezi kuandika, nenda na mtu unayemwamini. Kumbuka tarehe, mahali, na maneno yaliyosemwa kadiri unavyoweza. Uliza jina la anayepokea malalamiko na siku utakayopata jibu. Siku hiyo ikipita kimya, rudi.

Na kama ndiyo kwanza unakwenda kwa mshauri wiki hii, dakika tano za mwanzo ni zako. Muulize: "Utaandika nini juu yangu, na nani anaweza kukisoma? Ni jambo gani ukilisikia utalazimika kulitoa? Nikitaka kuacha, nafanyaje?" Kama anajibu bila kukasirika, kaa, endeleeni. Kama anakwambia "wewe eleza tu, usiwe na wasiwasi," bado hajakujibu. Muulize tena.

(Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho.)